Maji Yanayopumuzika kwa Godelive

Mu Butembo, ku avenue moja yenye kuteremuka kuelekea muto Kimemi, kuko nyumba ambayo hakuna mutu anakimbiaka ndani yake. Hata batoto ba jirani, benye kukimbia kila pahali kama mbuzi zilizokata kamba, bakifika ku ule mulango banaanza kutembea na ncha ya bidole. Si kwamba kuko mugonjwa, si kwamba kuko kilio. Kuko bidon, madumu ya maji. Zimepangwa mu pembe ya jiko, zote za njano, bifuniko juu, na mwenye nyumba alisha kuambia kila mutu neno moja tu: maji iko inapumuzika, musiitikise.

Mwenye nyumba ni Godelive. Batu bazima banamwita Mama Joyeuse, kwa jina la binti yake. Batoto banamwita Mukaka, ni kusema bibi, hata bale benye hawakutoka mu familia yake. Anauzaka chai na beignets, maandazi ya kukaanga, ku parking ya magari yenye kwenda Beni, na ma-chauffeur banamupenda juu ya kitu kimoja: chai yake, ukiinua glasi mbele ya macho, unaona kidole chako upande wa pili. Ku meza za bengine, mu majira ya mvua, chai inakuwa na rangi ya muto, na ukifika mwisho wa glasi meno yanakutana na muchanga.

Godelive hana siri. Anangoja tu. Maji yakitoka ku source, chemchemi ya pembeni ya Kimemi, na rangi ya kakao, anayaleta nyumbani mangaribi, anayaweka mu pembe, na hayagusi tena. Asubuhi anafungua kifuniko polepole kama mwenye kufungua mulango wa chumba cha mutoto aliyelala. Anachota na kikombe, juu juu, mukono bila haraka, na akikaribia chini anasimama. Ile ya chini, nzito kama uji, anaimwanga ku ndizi za nyuma ya nyumba. Ile ya juu anaichemusha, anatia majani, anatia sukari, anakoroga mara moja, na kazi imeisha.

Jirani yake Débora, mwimbaji wa chorale ku kanisa la Baprotestanti, hachokaki kumucheka. Siku moja alisimama ku mulango, bidon yake mwenyewe ku kichwa, akamwambia: «Yesu aligeuza maji kuwa divai mara moja tu, Mama Joyeuse. Weye unangoja usiku wote, na asubuhi ni paka maji tu.»

«Ile ya Kana haikutoka ku Kimemi,» Godelive akajibu, bila kugeuka.

Batu banafikiri ile uvumilivu alizaliwa nayo. Hapana. Aliisoma, lakini si mu masomo ya kiti na ubao, kwa sababu ku masomo hakukaa sana. Aliisomea Manguredjipa, kwenye mashimo ya zahabu. Alikuwa kijana, ametoka Kasugho kwao, ameolewa na Lusenge mwenye kuchimba zahabu, na bibi benye kuolewa na bachimbaji kazi yao ilikuwa kuosha muchanga. Unashuka mu kijito, unajaza karai, unazungusha. Maji yanatoka na udongo, muchanga mwepesi unafuata, na kile chenye uzito kinabaki chini, kikubwa kidogo tu kuliko hakuna kitu. Mukono wenye haraka unamwanga zahabu pamoja na maji. Mukono wa Godelive haukuwa na haraka, na bachimbaji balijua.

Kisha ukuta wa shimo ulimwangukia Lusenge, akafia mule. Godelive alirudi barabara yote na Joyeuse ku mugongo, akapanga nyumba Butembo, na lile karai akalitumia kufulia nguo. Hapendi kuongea juu ya zahabu. Mutu akimuuliza, anasema alisha kusahau.

Joyeuse sasa ni mama mwenyewe. Anauza mafuta ya mawese Mbau, ku barabara ya Oicha, na anashuka Beni wakati kuko usalama wa kushuka. Mutoto wake wa kwanza, Paluku, alikufa kule na kikohozi, mu siku zenye batu balikuwa banakimbia na hakukuwa na infirmier, muuguzi wa kuonyesha mutoto. Wakati wa pili alizaliwa, Kambere, na akaanza kutembea, Joyeuse alimuleta Butembo. Alimuweka ku mapaja ya mama yake, akasema maneno yenye Godelive anayabeba mupaka leo kama mutu anavyobeba mayai: kwamba hamuachii mutoto, anamuachia moyo wake, na siku akisikia hali imeharibika, hatauliza mutu, atakuja kumuchukua.

Kambere alikua vizuri. Alijua kutembea na ncha ya bidole mbele ya kujua kusema jina lake. Mupaka ile majira ya mvua, wakati ukungu wa Butembo haukutoka hata saa sita, na kikohozi kikaingia.

Ilianza kama kitu kidogo. Kisha kifua kikaanza kufanya sauti, muili ukawaka, na mutoto akakataa beignet, yeye mwenye kulilia ya tatu wakati ya pili ingali mu kinywa. Godelive akamufunga ku mugongo na kitenge, akafunga meza ya chai, akapanda kilima mupaka ku centre de santé, kituo cha afya.

Infirmier wa pale anaitwa Ananie. Ni kijana wa Lubero, mupole, lakini ile siku bamama balikuwa mu mustari mupaka inje, na kila mutoto analia na sauti yake. Alisikiliza kifua cha Kambere, akasema ni mapafu, akasema wamefika kwa wakati. Akatoa chupa ndogo yenye unga ndani. Akafungua bidon ya maji ya kuchemusha yenye ilikuwa pale pembeni, akatia maji mupaka ku alama, akafunga, akaitikisa na nguvu, ikawa nyeupe kama maziwa. Akamwambia kijiko kimoja asubuhi, kimoja saa sita, kimoja mangaribi, mupaka chupa iishe, hata mutoto akipona mbele ya kuisha. Akaongeza kitu kwa Français, lakini alikuwa alisha kugeuka, na mama mwingine alisha kukaa ku kiti.

Godelive alisikia kijiko, alisikia saa. Lakini macho yake yalibaki ku ile bidon. Aliona mutu ameileta paka sasa hivi. Aliona ameiburuta chini, koro-koro-koro, mupaka ku meza. Na mara moja maji yakaingia mu dawa, bila kupumuzika hata kidogo. Mutu hawezi kufundisha infirmier maji yake mbele ya batu.

Alifika nyumbani, akamupatia Kambere kijiko cha kwanza, akaweka chupa juu ya kabati, pembeni ya sanamu ya Bikira Maria, pahali hakuna mukono unafika. Asubuhi yake alipoinua macho, akaona kile alichokuwa anaogopa. Juu, dawa ilikuwa imesafika, kama maji yenye kuoshewa muchele mara ya mwisho. Chini kulikuwa kumelala kitu kizito, cheupe, unene wa kidole.

Akatingisha kichwa. Matope ya kilimani, akasema mu moyo, hata rangi yake iko tofauti na ya kwetu.

Akafanya kile mikono yake inajua. Alishusha chupa bila kuiyumbisha, akaiinamisha polepole, akaacha ile ya juu itiririke mu kijiko, na ile ya chini akailinda isiamuke. Akaonja tone ku ncha ya ulimi. Ilikuwa tamu. Basi dawa iko, akasema, na akamupatia mutoto. Saa sita vilevile. Mangaribi vilevile. Na kila mara alirudisha chupa pembeni ya Bikira kwa heshima, akafurahi kwamba infirmier hatajua na hatasikia aibu.

Lakini muili wa Kambere haukupoa. Kesho yake haukupoa, na siku yenye ilifuata mbavu zilianza kuonekana wakati anavuta pumuzi, zinaingia na kutoka kama mufuko wa kupuliza moto wa mufua chuma. Débora alikuja na uji wa soja, akaangalia mutoto, akaacha utani ku mulango. Aliuliza kama dawa ni ya kweli, juu siku hizi kuko na ya uongo, yenye batu banauza mu mifuko ku barabara. Godelive akamwambia dawa ni ya kweli, yeye mwenyewe alionja, ni tamu mupaka mwisho.

Débora aliondoka na wasiwasi, na wasiwasi wa Débora haukaaki kimya. Alimwambia chauffeur mumoja, chauffeur akafika Mbau, na mbele ya midi, saa sita, telefone ya Godelive ikalia. Joyeuse hakupiga makelele. Na ile njo kitu chenye kiliogopesha. Aliuliza kama ni kikohozi. Godelive akasema ni kikohozi. Sauti ya lori ikapita mu telefone, kisha Joyeuse akasema anatafuta gari, leo atakuwa Butembo, na atarudi na mutoto Beni kwenye kuko madaktari bakubwa.

Godelive aliweka telefone chini. Mu kichwa aliona barabara ya Beni na mutoto mwenye hawezi kuvuta pumuzi. Aliona pia uso mwingine, mudogo, wa Paluku, mwenye hakumuzika juu njia ilikuwa imefungwa. Akasimama. Kama dawa inakosa nguvu, basi ataomba ingine, na ataiomba mbele ya Joyeuse kufika.

Ku barabara kijana mwenye pikipiki alisimama, akamwambia, «Mukaka, panda, mutoto anaumia.» Godelive akakataa. Pikipiki inatikisa. Akapanda kilima na miguu, Kambere ku mugongo, na mbele ya kifua ameshika chupa na mikono mbili, wima, kama mutu mwenye kubeba mushumaa siku ya Pasaka na upepo unavuma. Alizunguka kila jiwe. Alipita pembeni ya kila shimo. Jasho likamwingia mu macho na hakulipanguza, juu mikono haikuwa na nafasi.

Bamama benye kungoja bakamwona, bakamupisha bila kuambiwa.

Ananie alichukua Kambere kwanza. Akamufungua kifua, macho ku saa, akaangalia tumbo linavyopanda na kushuka. Akamupima muili. Kisha akanyoosha mukono kupokea chupa, na Godelive akamupatia vile vile alivyoibeba, bila kuiyumbisha. Infirmier akainua chupa ku dirisha. Aliiangalia kwa muda. Juu kulikuwa kumepunguka sana. Chini hakukuwa kumeguswa.

«Mama,» akasema, «hii unaimupatia namna gani?»

Godelive aliangalia nyuma kama kuko mutu anasikia. Akasogea karibu, na akashusha sauti, juu hakutaka kumuharibia jina.

«Docteur, usinione mubaya. Ile siku maji yenu haikukuwa imepumuzika. Njo niliipumuzisha. Namupatia mutoto paka ya juu tu, ya safi. Matope niliiacha yote chini, haikumuingia hata kidogo.»

Ananie hakucheka. Aliweka chupa ku meza, akakaa, na akapanguza uso na mikono yake yote mbili. Pale ku meza kulikuwa na glasi yake ya chai, nusu, yenye kupoa tangu asubuhi. Akaisogeza mbele yake.

«Weye unauzaka chai. Hii chai, sukari yake iko wapi?»

Godelive akaona ni swali la mutoto, lakini akajibu. Iko ndani.

«Juu ao chini?»

«Kila pahali.»

«Nikiiacha hapa mupaka kesho, itashuka chini?»

«Haitashuka. Ukisha kuikoroga vizuri, sukari inaisha kuwa maji. Nani anakorogaka chai kila dakika?»

«Njo vile,» Ananie akasema. «Sasa, hii dawa si kama sukari. Ni unga. Haikubali kuyeyuka yote mu maji. Nikiitikisa inaogelea, unaona nyeupe kila pahali, unafikiri imekuwa kitu kimoja na maji. Mais ukiiacha tu, inashuka, inalala. Mama, ile ya chini si matope. Ile ya chini njo dawa.»

Godelive aliangalia chupa.

«Mais nilionja. Ilikuwa tamu.»

«Utamu ni sukari. Banaitia ili batoto bakubali kumeza. Sukari imeyeyuka, donc iko juu, iko katikati, iko chini, kila pahali, kama mu chai yako. Ile ulionja ni sukari.»

Mu chumba kulikuwa na mutoto wa mama mwingine analia, na kisha akanyamaza, na Godelive akasikia pumuzi ya Kambere, fupi, fupi.

«Donc nilikuwa namupatia mutoto chai,» akasema.

«Chai na dawa kidogo sana.»

Alitafuta kiti na mukono, akakaa. Miaka mingi hakuwa ametaja lile neno, lakini likatoka lenyewe, kwa sauti ya mutu anayejisemesha: «Zahabu. Iko sawa zahabu. Ya muzuri iko chini, na mimi nilichukua maji ya kumwanga, nikamupatia mujukuu wangu.» Kisha akainua macho na akauliza kile kimoja tu alichokuwa nacho cha kuuliza. «Nimemuua?»

«Hapana,» Ananie akasema, haraka, na mu ile haraka Godelive akasikia kwamba ni kweli. Infirmier akamuonyesha: kucha za mutoto zingali na rangi, macho yanafuata kidole, anakunywa bila kutapika. Amechelewa, lakini hajaenda mbali. Dawa haikushindwa, akasema, dawa haijaanza. Na kitu kingine akamwambia, akiwa anafunga ile chupa ya zamani na kuiweka mbali: vizuri hakuikoroga leo nyumbani na kumupatia, juu sasa maji yamepunguka na unga umebaki wote, kijiko kimoja kingekuwa kikali mno. Ile chupa haitatumika tena.

Akatoa ingine. Akatia maji, na mara hii, mbele ya kufunga kifuniko, akamwambia mu Kiswahili, kisha mu Kinande, kwamba kila kijiko kinaanza na kutikisa. Akasema pia kwamba ile siku alisema, lakini alisema «bien agiter» akiwa amegeuza mugongo, na mutu hawezi kusikia mugongo. Ile kosa ni yake. Godelive akafungua kinywa kukataa, kwa adabu, na Ananie akamupatia chupa mu mukono.

«Tikisa.»

Akaitikisa kidogo, kama mwenye kuogopa kuamusha mutu.

«Ongeza.»

«Bidon zangu zitasikia,» akasema, na mama moja ku mustari akacheka bila kujua kwa nini.

Kisha mikono ya Manguredjipa ikakumbuka kazi yao. Alitikisa mupaka kitenge kikalegea ku kiuno, mupaka chini ya chupa hakukubaki hata alama, na akaigeuza juu chini na kuichunguza ku mwangaza kama alivyochunguza karai zamani. Yote nyeupe. Hapo njo alimimina kijiko, na Kambere akakunja uso, kwa sababu mara hii, chini ya utamu, kulikuwa na uchungu. Ile uso ya kukunja ilimufurahisha Godelive kuliko kicheko.

Ananie hakubaachilia barudi. Mutoto alichomwa sindano moja, akalazwa ku mukeka ku baraza, pahali infirmier anapita na kumwona. Godelive akakaa pembeni, chupa mu mufuko wa kanzu. Kadiri jua lilivyozunguka, aliangalia zile mbavu. Hakuhesabu kitu. Aliangalia tu, kama alivyoangaliaka maji, akingojea yale yenye haionekani wakati inatendeka na inaonekana tu wakati imetendeka.

Joyeuse alifika mangaribi haijaingia, na vumbi ya barabara ku nyusi, mafuta ya mawese ku kitenge. Débora alikuwa amemuonyesha njia, na alibaki inje ya baraza, mukono ku kinywa. Joyeuse alipiga magoti pembeni ya mukeka, akaweka shavu ku kifua cha mutoto. Kisha akamuangalia mama yake, na akasema tu, «Nieleze.»

Godelive hangeweza kusema dawa ilikuwa mubaya. Hangeweza kusema ni infirmier. Alimweleza yote, bidon yenye kuburutwa, Bikira, kijiko cha juu, utamu ku ulimi. Alieleza polepole na hakuruka kitu. Wakati alimaliza, akangoja, na kwa mara ya kwanza kungoja kulimushinda.

Joyeuse alikaa chini ku simenti. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Godelive hakujua kama analia.

«Mama,» Joyeuse akasema, na ilikuwa kicheko na machozi pamoja. «Mimi nauza mawese. Asubuhi ya baridi inagandaka chini, juu kunabaki mafuta membamba mekundu. Kila muteja ninamutikisiaka bidon, nisimuibie. Miaka yote. Na sikukuambia hata siku moja.»

«Ungeniambia nini? Tikisa? Mu nyumba yangu?»

Inje, Débora akacheka kwa sauti yake yote ya chorale, na Ananie akatokea ku mulango kuona kuko nini, na ile sauti ikamuamusha Kambere. Akaangalia uso wa mama yake kwa muda, kama mwenye kuangalia kitu kwenye picha. Kisha akaomba chai. Akaomba na beignet. Ananie akapima muili, akaonyesha Joyeuse kwanza, kisha Godelive, mwenye hasomi zile namba, akamwambia: moto inashuka.

Joyeuse hakumuchukua Kambere. Alisema watangoja chupa iishe, na wakati chupa iliisha, alisema atarudi Mbau mara moja kuangalia biashara yake, kisha atakuja tena, na alisema akiwa anamufundisha Kambere kushika chupa tupu na kuitikisa. Mbele ya kwenda, alisimama na mama yake ku jiko. Godelive alikuwa anachemusha maji ya chai. Joyeuse aliuliza kwa nini anaichemusha na imesha kusafika vile. Godelive akasema ni Ananie, njo alimweleza vizuri: kile chenye kushuka unakiona, unakiacha chini. Mais kuko bintu bingine bidogo bya kuleta ugonjwa, macho haiwezi kubiona. Maji ikitulia inaweza kusafika, na bile binabaki ndani. Bile habiogopi subira. Binaogopa moto. Tangu zamani alichemusha kwa sababu mama yake alichemusha. Sasa anachemusha na anajua.

Asubuhi moja nyuma ya siku zile, Godelive alikuwa amefungua kifuniko cha bidon ya kwanza na ameinama na kikombe, mukono bila haraka, wakati alisikia kitu chenye hakisikiwaki mu ile nyumba. Miguu. Kambere alikuwa anakimbia. Alitoka mu chumba, akazunguka meza, kifua wazi, bila kikohozi hata kimoja, akateleza ku simenti na akapiga bidon na bega lake lote.

Maji yalipanda na kushuka ndani. Kutoka chini udongo ukaamuka, ukapanda kama moshi, na mara moja yote yakawa kakao. Mutoto alisimama pale, na ncha ya bidole, akijua ni nyumba gani. Débora, mwenye alikuwa ku mulango na bidon yake ku kichwa, akaishika na mikono mbili.

Godelive aliangalia maji yake. Akaangalia mbavu za mujukuu, zimefunikwa vizuri na nyama kidogo, zinapanda na kushuka juu ya kukimbia tu. Akaweka kikombe chini, akakaa ku kiti kidogo cha jiko, na akacheka mupaka akapanguza macho na ncha ya kitenge.

«Ma-chauffeur bataongea leo, chai itakuwa kidogo,» Débora akasema.

«Baongee.»

Akavuta karibu bidon ya pili, akafungua kifuniko chake polepole, na ile ya kwanza akaiacha pale pale, ianze tena kupumuzika.